Kundelungu wakati wa kiangazi: siku zetu kwenye ukingo wa Lofoi

Jumatano jioni, Lubumbashi

Kila niliyemwambia kwamba tunapanda Kundelungu mwezi huu wa saba aliniuliza swali moja: mnaenda kutafuta nini Lofoi wakati maji yamekwisha? Ngojeni mvua, wanasema. Mwezi wa pili ndipo maporomoko yananguruma. Nimewajibu wote sawasawa, na jibu lenyewe naliandika hapa kabla sijalala. Mvua zikishashika, njia ya kupanda uwanda wa juu ni tope tupu, na hata ukifika, mvuke unaopanda kutoka chini hufunika sehemu kubwa ya ulichokuja kukitazama. Watu wa mji wetu wakisema "Lofoi" wanamaanisha maji. Mimi nataka kuona mahali maji yanapoangukia: korongo lenyewe, kuta zake, kina chake.

Kwa wasiopajua: Lofoi ni mto mdogo unaozaliwa juu ya uwanda wa Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi, Katanga yetu ya kusini mwa Kongo. Unatembea taratibu kwenye majani, unafika ukingo wa magharibi wa uwanda, na hapo ardhi inaisha. Mto unaanguka zaidi ya mita 340 kwa mporomoko mmoja, bila kugusa ngazi wala kupumzika njiani, kisha unapita ndani ya korongo kuelekea Lufira. Lufira unaingia Lualaba, na Lualaba ndio mwanzo wa mto Kongo. Pameshikwa ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Afrika ya Kati haina maporomoko mengi yanayofikia urefu huo, na sisi tunaoishi karibu nayo tunayajua kwa picha za kalenda tu.

Tunaokwenda: Mama, ambaye ana miaka 68 na goti la kulia linalolalamika akipanda ngazi za kanisa, Yaya, kaka yangu mkubwa, anayeendesha mashine kwenye mgodi upande wa Likasi, wifi yangu, mtoto wao wa kiume mwenye miaka tisa, na shofere mwenye gari lake la kupanda milima. Karatasi za ruhusa tumezipata mjini, ofisi ya ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi. Unga uko, mafuta yako, maji yako kwenye bidoni za njano. Wifi ameongeza blanketi mbili nilizokuwa nimezitoa. Nimemwachia.

Alhamisi

Tuliondoka kabla ya jua, Mama akiwa kiti cha mbele na kikwembe cha pili mabegani. Wageni hawaamini kwamba Lubumbashi ina baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba watu wanaota moto wa mbabula, jiko la makaa, asubuhi mbele ya milango yao. Tulipita mtaa wa Ruashi moshi ukiwa bado umelala juu ya mabati.

Barabara ya Kasenga ndiyo barabara ya samaki. Malori yanayotoka mto Luapula na ziwa Mweru huja nayo usiku, na harufu inabaki njiani hata lori likishapita. Mchana ni zamu ya makala, yaani makaa ya kupikia. Wanaume wanasukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia hadi baiskeli yenyewe haionekani, wengine wawili wawili, mmoja anavuta na mwingine anasukuma. Karibu kila nyumba ya Lubumbashi inapika kwa makala, na kila mwaka msitu unarudi nyuma. Ilitubidi twende mbali sana ndipo tukaona mti mnene wa kweli. Kabla ya hapo ni visiki, vichaka na vichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vya kustaajabisha: vingine vinapita urefu wa nyumba, na wafyatua matofali wanavikata ubavuni kwa sababu udongo wake unashika vizuri. Mtoto alianza kuvihesabu, akachoka, akalala.

Tukaiacha barabara kubwa, tukakunja kushoto kuelekea kaskazini. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu, vumbi linaloingia hata vioo vikifungwa, na mashimo ambayo shofere aliyapita moja moja kwa subira nzuri. Miti ya miombo sasa ilikuwa imesimama pande zote mbili, majani yake yakianza kuwa na rangi ya shaba. Nilishangaa kuyaona mapema hivyo; kwa kawaida rangi hiyo naingojea mwezi wa tisa.

Kupanda kwenyewe ni kwa polepole. Gari linazunguka, linashika mawe, linazunguka tena. Masikio yaliziba. Halafu, bila ya kutangaza, miti ikaisha. Hakuna neno lingine. Nyuma yetu msitu, mbele yetu majani makavu hadi mwisho wa macho, na mbingu kubwa kuliko niliyoiona siku nyingi. Tulikuwa tumepita mita 1,600. Wifi akasema, "Sikujua Katanga yetu iko na jangwa."

Si jangwa, ingawa ninaelewa kwa nini alisema hivyo. Mjini kwetu mvua za mwaka mzima hupita milimita 1,000, lakini karibu zote huanguka kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba ni ukavu. Huku juu udongo ni mchanga, maji ya mvua yanazama haraka, na moto wa majani hupita karibu kila mwaka. Mti mrefu hauna nafasi. Mguu wako unakanyaga mchanga mkavu na mashina yaliyoungua, midomo inapasuka, mchana jua linachoma na usiku unatetemeka. Mwili wako utaona ni jangwa hata kama vitabu vinakataa.

Jioni tulifika Katwe, kituo cha walinzi wa hifadhi. Walituandikisha, wakaangalia karatasi, wakatuonyesha pa kulala. Mlinzi atakayetuongoza kesho alimsalimia Mama kwa mikono miwili, akamtazama goti bila kuuliza, akasema, "Mama, hapana kuogopa. Njia iko sawasawa, hakuna mulima. Mulima tumeshaupanda na gari."

Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo, samaki mkavu wa Kasenga. Blanketi za wifi zilitosha kwa shida.

Ijumaa

Niliamka nikitaka kuondoka mara moja. Mlinzi alikataa, na sababu yake ni ya kuwaambia wote watakaokuja: ukingo wa Lofoi unatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya uwanda, na korongo lote liko kwenye kivuli. Unaona shimo jeusi na ukungu, basi. Mchana jua likiwa utosini rangi zinafifia. Baada ya saa sita mchana ndipo mwanga unaanza kuingia ndani, na unaendelea kuingia hadi linapozama. Kwa hiyo asubuhi tulikaa. Mama alisuka nywele za mtoto wa mlinzi mmoja. Yaya na shofere walilala chini ya gari wakikaza kitu ambacho kilikuwa kimelegea njiani.

Baada ya chakula gari lilitusogeza. Lingeweza kwenda karibu zaidi na ukingo, lakini tulishuka mapema kwa kusudi. Mahali ambapo unafikishwa na injini hadi mlangoni unapatazama kama picha. Tukitembea kwanza, mwili unapata muda wa kujua uko wapi.

Na ni matembezi mepesi kweli. Mwendo wa saa moja na nusu kwa hatua za Mama, labda saa moja kwa mtu mwenye haraka. Ardhi ni tambarare, njia inaonekana wazi, hakuna pa kupanda kwa mikono. Mambo matatu tu yanahitaji akili: jua, kwa sababu hakuna kivuli hata cha kumfaa kuku, maji, na hapa msiwe wabahili, kila mtu awe na lita mbili zake, na viatu vilivyofungwa mbele, kwa sababu majani yaliyoungua yanaacha vijiti vigumu vinavyosimama wima na kupenya kandambili. Mama alikuwa amevaa raba za mjukuu wake mkubwa na soksi za Yaya. Alitembea vizuri kuliko sisi wote, fimbo mkononi, bila kusimama hadi alipotaka mwenyewe kusimama.

Alisimama kwenye maua. Pale moto ulipopita wiki chache nyuma, ardhi ilikuwa nyeusi, na kutoka kwenye weusi huo vilikuwa vimetokea vichipukizi vya kijani na maua madogo meupe na ya zambarau, karibu na ardhi kabisa. Mama aliinama akavuta kimoja. Hakikutoka. Akavuta tena kwa nguvu. Mlinzi akacheka kwa upole, akamwambia, "Mama, ule ni muti. Muti muzima, iko chini." Kisha akachimba kidogo kwa ncha ya panga: chini ya kile chipukizi kulikuwa na ubao mnene kama mkono, ukienda mbali ndani ya mchanga. Haya ndiyo mambo ya uwanda huu yaliyonigusa kuliko nilivyotarajia. Kuna miti hapa ambayo imeweka shina lake ardhini. Moto unapita juu, unakula majani, na mti wenyewe uko salama chini ukiwa na maji yake na chakula chake. Mvua haijafika na wenyewe umeshatoa maua. Mtu anayeangalia juu juu anasema hapa hakuna msitu, na kumbe anatembea juu yake.

Mlinzi alieleza pia kwamba moto wa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, huwashwa na walinzi wenyewe kwa mpango, majani yakiwa bado na unyevu. Unaungua kidogo na kuacha vipande vipande. Moto wa mwezi wa tisa, majani yakiwa makavu kabisa na upepo umeongezeka, ndio unaoingia hadi kwenye mushitu na kuua miti ya kando ya maji. Mushitu ni ile mistari ya msitu mnene inayofuata vijito. Kutoka mbali unaona utepe wa kijani kibichi katikati ya njano, na unajua pale pana maji. Utepe mmoja tulikuwa nao mkono wa kulia muda wote. Ulikuwa Lofoi.

Nilidhani tutasikia kitu kabla ya kuona. Wakati wa mvua, walisema, unasikia kutoka mbali. Leo palikuwa na upepo na sauti ya viatu vyetu tu. Uwanda unaendelea, unaendelea, huoni dalili ya lolote, unaona tu kwamba upeo wa mbele umekuwa karibu isivyo kawaida. Mlinzi akanyoosha mkono, akamshika mtoto begani, akasema tusimame. Tulikuwa hatua kumi kutoka mwisho wa ardhi.

Sijui niandike vipi hapa ili mtu wa Lubumbashi anielewe. Sisi tunajua mashimo. Tumekulia kando ya migodi ya wazi, tumeona machimbo ambayo malori makubwa yanaonekana chini kama vichezeo, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya taifa, ndilo tulilokuwa tukilitumia kujua nyumbani kuko upande gani. Kina peke yake kisingetushangaza. Kilichonishika ni kwamba hapa hakuna aliyechimba. Kuta zinashuka wima, rangi ya kutu na njano na zambarau, tabaka juu ya tabaka, zimenyooka kana kwamba zimepimwa kwa uzi wa fundi. Chini kabisa, mahali jua lilikuwa ndiyo kwanza linafika, kuna msitu mzito, kijani kibichi katikati ya kiangazi, ukilishwa na unyevu wa maporomoko. Korongo linafunguka kuelekea magharibi, linapanuka, na mwisho wake unaona bonde la Lufira likiwa la buluu kwa umbali.

Na maji yako. Nawaambia wote walioniambia yamekwisha: yako. Ni kidogo, mto ulikuwa upana wa hatua chache pale unapoacha mwamba. Yanatoka kwenye mdomo wa jiwe, yanaanguka yakiwa yameshikana kwa muda, halafu upepo unayachukua. Yanapanuka kama kikwembe cheupe kilichoanikwa, yanayumba kushoto, yanarudi, na kabla ya kufika chini yamekuwa ukungu. Kwa kuwa maji ni kidogo, ukuta wa nyuma yake wote unaonekana: michirizi myeusi ya unyevu, majani ya kijani yanayoning'inia, na pango jembamba lililolika chini ya mdomo wa juu. Mwezi wa pili vitu hivi vyote vimefunikwa. Niliwaza hivyo na nikafurahi kwamba hatukungoja.

Ukingo hauna ukuta wala kamba. Naandika hili kwa msisitizo. Jiwe la juu limeng'aa, mchanga juu yake unateleza, na upepo wa alasiri unasukuma kwa ghafla. Mlinzi alituonyesha namna: hatua ya mwisho usiifanye kwa miguu. Unalala kifudifudi, unajivuta kwa viwiko, unachungulia. Mtoto hakuachiliwa mkono hata dakika moja. Alipookota jiwe ili alirushe asikie litachukua muda gani, mlinzi alimzuia kwa sauti kali kidogo, akamwonyesha sababu: mbayuwayu mamia kwa mamia wakiingia na kutoka kwenye nyufa za ukuta chini yetu, ndiko wanakolala. Mtoto aliweka jiwe chini, akakaa akiwatazama, na hakutaka kuondoka tena.

Ndege tuliwatazama kutoka juu, migongo yao. Hilo nalo ni jambo la ajabu. Pungu mmoja, yule mwenye mkia mfupi na miguu myekundu, alipita ndani ya korongo chini yetu bila kupiga bawa, akaegemea upande mmoja, upande mwingine, akapotea nyuma ya pembe ya mwamba.

Mama hakulala kifudifudi. Alikaa mbali kidogo, juu ya jiwe pana, akivuta pumzi. Baba yake alifanya kazi Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, tangu ujana, akiwa Mluba aliyeletwa kutoka kaskazini kwa treni, na maisha yake yote yaliishia kambini, mgodini, kanisani. Nilimuuliza kama babu aliwahi kufika huku. "Angefika na nini, mwanangu? Na siku gani?" Baadaye akaongeza kwamba babu aliwaambia watoto wake kuna mlima upande wa mawio ya kaskazini ambao mawe yake hayana shaba, na kwa hiyo Wazungu wameuacha. Alikuwa akisema hivyo kama habari njema.

Tulibaki hadi mwanga ulipokuwa wa rangi ya asali na kuta zote za upande wetu zikawaka. Mlinzi alituhesabia muda wa kurudi, akatuamuru tuondoke. Alikuwa sahihi, tulifika kwenye gari giza likiingia. Baridi ilishuka haraka sana. Dakika chache nyuma tulikuwa tunatoka jasho.

Jumamosi

Tulirudi ukingoni asubuhi, mimi na Yaya na mlinzi, kwa sababu Yaya alitaka kuona mawe. Wengine walibaki kambini. Korongo lilikuwa kwenye kivuli kama tulivyoambiwa, lakini kwenye bonde la Lufira jua lilikuwa limeshafika, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mto ukifuata mikunjo yake yote. Kwa hiyo asubuhi nayo ina faida yake, ikiwa unataka kutazama mbali badala ya kutazama chini.

Yaya amefanya kazi na mwamba nusu ya maisha yake na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akiuzungumzia kwa mapenzi. Huko kwao, upande wa Likasi, Kambove na Kolwezi, tabaka za mwamba zimekunjwa, zimevunjika, nyingine zimesimama wima. Shaba na kobalti ziko kwenye zile za chini, za zamani zaidi, zilizosukumwa juu na mikunjo hiyo. Hapa Kundelungu tabaka ni za juu, za baadaye, na zimelala. Mchanga ulishuka majini, ukajilaza, ukawa jiwe, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na mpaka leo umelala karibu vile vile. Wanajiolojia waliazima jina la mlima huu wakaliita kundi zima la miamba hiyo Kundelungu, na jina hilo linatumika hadi Zambia. Yaya alikuwa analiona kila wiki kwenye ramani za kazini. Alikuwa hajawahi kuuona mlima wenyewe.

Ndiyo sababu ukingo umekatika hivi, alinieleza akiwa amelala kifudifudi. Tabaka gumu liko juu kama kifuniko. Laini liko chini yake. Maji na upepo vinakula laini, gumu linabaki likining'inia, likizidiwa uzito linapasuka wima na kuanguka. Ukuta unarudi nyuma, na mdomo wa maporomoko unarudi nao. Kwa hiyo korongo tunalolitazama ni njia ambayo Lofoi umepita ukirudi ndani ya uwanda, jiwe kwa jiwe. Alinionyesha ufa ulio mita chache nyuma yetu, upana wa kidole. Tulisogea kimya kimya nyuma ya ufa huo, na ninawaombeni nanyi mfanye hivyo.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya Lufira, ndiko Bunkeya. Mji hauonekani kutoka hapa, ni umbali tu. Lakini nilipenda kuelekeza uso huko. M'siri alitoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania, akaja kwa biashara ya shaba na pembe, akakaa, akawa mfalme wa eneo hili lote. Misafara yake ilikwenda pwani zote mbili, na Kiswahili kilipita njia hizo muda mrefu kabla ya reli. Mwaka 1891 watu wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, walijenga kituo chao karibu na Lufira na wakakiita kwa jina la mto huu, Lofoi. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo M'siri aliuawa Bunkeya kwa risasi, na Katanga ikaingia kwenye mikono mingine. Shuleni tulifundishwa tarehe. Hatukuonyeshwa kamwe kwamba ukipanda juu, bonde lote la habari ile unalitazama kwa mara moja.

Wakati wa kurudi mlinzi alizungumza kuhusu wanyama. Tuliona swala wadogo wawili kando ya mushitu, wakaingia ndani. Zamani, alisema, ungekutana na makundi. Miaka ya vita silaha zilienea kila mahali na ujangili ukafuata, na hifadhi ilibaki na walinzi wachache mno kwa ardhi kubwa mno. Alisema haya bila kulalamika. Kazi yake ni kutembea, na anatembea siku nyingi mfululizo akiwa na mzigo mgongoni, analala porini, anarudi, anaandika alichokiona. Anajua kila kijito kwa jina. Nilimuuliza nini kingemsaidia zaidi. Alifikiri, akasema: watu waje. Watu wa Lubumbashi, na watoto. Mahali ambapo wenyewe hawaji, alisema, wezi wanaona hapana mwenyewe.

Alasiri Mama alitaka kwenda tena. Hatukuwa tumepanga. Goti lilikuwa limevimba kidogo na wifi alikataa, Yaya akakataa, mimi nikanyamaza. Mama akafunga raba. Shofere akamsogeza karibu zaidi safari hii, naye Mama akatembea kipande kilichobaki akiwa amemshika mjukuu wake mkono, na safari hii alilala kifudifudi. Mlinzi alimshika vifundo vya miguu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kichwa nje ya ukingo. Alipoinuka, mbele ya kikwembe chake palikuwa na vumbi jekundu kutoka shingoni hadi magotini, na hakulipangusa.

Jumapili

Kushuka ni kwepesi na vumbi ni lile lile. Tulipofika kwenye miti, joto likarudi, na redio ya gari ikapata sauti. Barabarani tulinunua viazi vitamu na munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachuka, kwa mama mmoja aliyeuza kwenye vikombe vya plastiki chini ya mwembe. Munkoyo ulikuwa mchachu kiasi kinachofaa. Jirani zangu wakiniuliza nitawaambia kuanzia Juni hadi Agosti, gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, mavazi ya baridi, maji, na alasiri badala ya asubuhi. Mlinzi ni wa lazima, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Mzee anaweza. Mtoto anaweza, akishikwa.

Tulipokaribia Ruashi simu zilianza kushika mtandao na kulia zote kwa pamoja. Mama hakusoma ujumbe hata mmoja. Aliwapigia dada zake wawili wa Likasi, mmoja baada ya mwingine, akawaambia mwaka kesho wasimwekee harusi wala kipaimara mwezi wa saba, na waanze sasa kutafuta raba.